Vifuniko Viwili, Kichwa Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza shajara rasmi. Mtu mwenye cheo lazima awe na kumbukumbu. Cheo changu: Meneja wa saluni ya mke wangu. Hakunipa yeye. Nilijipa mwenyewe kiwanda kilipotufungia milango nikarudi nyumbani na mikono mitupu. Kazi zangu kwa sasa: kufagia nywele, kukunja taulo, kuchemsha maji na kufikiri. Hiyo ya mwisho hakuna anayeithamini.

Asubuhi aliingia mama mmoja na picha kwenye simu. Msichana mwenye nywele rangi ya asali. Akasema anataka zake, nyeusi tititi, ziwe hivyo kabla ya jioni. Mke wangu akashika unywele mmoja wa yule mama, akauviringisha kidoleni, akauachia. Akamwambia inawezekana, ila kwa vikao vitatu, na kati ya kikao na kikao wiki kadhaa za kupumzika na kupakwa mafuta. Mteja akasema ana sherehe. Mke wangu akamjibu kwamba sherehe itaisha ila kichwa atabaki nacho. Mama akanyanyua mkoba, akavuka barabara, moja kwa moja hadi kwa Bwana Mikasi!

Bwana Mikasi. Msusi wa ng'ambo ya barabara. Skafu shingoni hata jua likiwaka vipi. Anakitoa kichwa kwenye mkaa hadi kwenye dhahabu kabla chai yako haijapoa. Nimemwambia mke wangu kwamba tunapoteza wateja kwa sababu ya hiyo tabia yake ya kusema ukweli. Akanipa ufagio.

Lakini lazima niandike hili. Alivyouviringisha ule unywele! Ungedhani anamsikiliza mtoto anayenong'ona. Miaka yote hii ya ndoa, na bado nasimama na ufagio wangu namkodolea macho.

Jumanne, 4 Juni

Nieleze jambo lenyewe, maana ndilo linalonikosesha raha. Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya wasusi kwenye ukumbi wa chuo. Kila saluni inapeleka kichwa kimoja kilichotolewa kwenye weusi wa kuzaliwa kikapaushwa. Atakayewaridhisha majaji atapewa darasa la kufundisha pale chuoni. Mke wangu ametaka kufundisha tangu kabla hatujaoana. Nyumbani hufundisha chochote kinachokaa kimya. Nilishamkuta jikoni analieleza dekio namna ya kugawa nywele mafungu mafungu. Dekio lilikuwa linaelewa kuliko mimi.

Kichwa chetu ni binti wa dada ya mke wangu. Anaishi kwetu, ananiita Baba Mdogo, na hunicheka kwa adabu. Nywele zake zilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Vikao viwili vimepita, na sasa ni rangi ya shaba. Cha tatu na cha mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo. Shaba! Na maonyesho yanabisha hodi! Niliuliza kwa nini tusiharakishe mambo. Mke wangu akasema shaba ni kituo cha njiani, na bado tunasafiri. Mpwa akasema yeye shaba anaipenda. Mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea na hushinda chini ya draya ya kukaushia nywele kwa madai kwamba inamtuliza kichwa, alifumbua jicho moja akasema mkwe wake ana haraka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Kisha akalala tena.

Yule mama hulala sana.

Jumatano, 5 Juni

Upelelezi! Kofia, miwani ya jua, koti la mvua. Nikavuka barabara kwa mwendo wa mtu asiye na habari. Bwana Mikasi akanifungulia mlango kabla sijaufikia, akaniuliza shemeji hajambo, na mvua imenyeshea wapi.

Basi nikajikaza kisabuni. Nikamwambia nimepita tu kumsalimia. Akafurahi, akanionyesha kichwa chake cha maonyesho. Haki ya Mungu! Njano! Njano ya ganda la ndizi, kutoka kwenye ngozi hadi nchani, kikao kimoja! Akajiweka sawa skafu, akasema siri zake ni mbili tu, maji makali na joto. Nikamwambia kwa dharau kwamba sisi tuna siri nyingi zaidi. Akaniuliza zipi. Nikakohoa, nikaaga.

Skafu yake inampendeza. Naandika hivyo kwa sababu shajara ni mahali pa ukweli.

Kitu kingine nilikiona, ingawa hakina uzito. Yule msichana wake hakuwa anachana nywele. Alikuwa anazipapasa kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayebembeleza kifaranga. Labda ndiyo mtindo wa siku hizi.

Ijumaa, 7 Juni

Mpwa alikalishwa kitini leo. Si kwa blichi, bali kulishwa nywele. Ndivyo mke wangu anavyosema, kulisha. Kwanza kondishena nzito, kofia ya plastiki, mvuke. Kisha mafuta ya nazi, anayasugua viganjani mpaka yapotee, ndipo anayapitisha kwenye nywele kuanzia nchani kwenda juu. Ncha ndizo nzee, anasema, zimeona mengi, zitangulie kula.

Alikuwa anamweleza mpwa, na mimi nikajisogeza na taulo langu. Akasema blichi haileti rangi yoyote, inachukua. Inaingia ndani ya unywele, inaondoa weusi, na mahali weusi ulipokaa panabaki wazi. Kazi ya msusi ni kuchukua kidogo, kulisha, kusubiri, kisha kuchukua tena kidogo. Mizizi inapakwa mwisho kabisa, kwa kuwa kichwa kina joto lake na pale weusi hukimbia upesi. Na kabla ya chochote, jaribio. Anachagua kishungi chembamba nyuma ya sikio, anakipaka dawa peke yake, anakisuuza, kisha anakivuta kikiwa kimelowa. Kikivutika kikarudi, ruksa. Kikivutika kikabaki kimelegea kama mpira wa soksi kuukuu, hakuna blichi siku hiyo, hata mteja agaegae sakafuni.

Nililikunja taulo lile lile mpaka likachoka. Mwanamke huyu akipewa darasa, hata kuta zitafaulu. Nilitamani kumwambia. Nikamwambia sabuni imeisha.

Jioni niliwaza sana. Anastahili lile darasa kuliko mtu yeyote chini ya jua. Lakini majaji wana macho, na macho yatavutwa na ganda la ndizi. Yeye ana ujuzi wote, ila hana haraka. Mimi sina ujuzi, ila haraka ninayo tele. Mungu hakutuoza bure!

Jumamosi, 8 Juni

Mpango umekamilika. Ni mzuri kiasi kwamba nimejipongeza mbele ya kioo.

Rafuni pana chupa mbili nyeupe, mapacha watupu. Ndani yake mna maji ya kuchanganyia unga wa blichi. Yenye kifuniko cha bluu ni maji laini, ya vichwa vya watu. Yenye kifuniko chekundu ni maji makali, na mke wangu huyatumia tu kwenye vile vichwa vya plastiki vya mazoezi, ambavyo havina wa kumlalamikia. Tofauti ya chupa na chupa ni kifuniko, basi.

Wakati wa mapumziko mke wangu alitoka kwenda kuongea na jirani. Mama mkwe alikuwa chini ya draya, amefumba macho, mdomo wazi. Nikanyata. Nikahamisha kifuniko cha bluu kwenda kwenye chupa ya chekundu, na chekundu kwenda kwenye chupa ya bluu. Kwisha! Alhamisi mke wangu atachukua bluu kama kawaida yake, atapaka kwa utaratibu wake ule ule, na nywele za mpwa zitawaka kama taa. Atadhani ni mkono wake. Sitasema kitu. Nitakaa pembeni kwa unyenyekevu, darasa likianza.

Ndivyo mapenzi yalivyo. Wengine huleta maua.

Jumapili, 9 Juni

Dhamiri: safi kabisa. Mke wangu ameniuliza kwa nini nimeosha vyombo bila kuambiwa.

Jumanne, 11 Juni

Balaa.

Nilisahau jaribio! Nililiandika mwenyewe hapo juu kwa mkono wangu, na nikalisahau! Mke wangu hufanya jaribio mapema, siku mbili kabla ya kikao. Leo alichanganya dawa kidogo kutoka kwenye chupa ya bluu, akapaka kishungi cha mpwa nyuma ya sikio, akasubiri. Kilipauka upesi mno. Akakisuuza, akakivuta. Kikavutika kama ute wa bamia, kikakatika mkononi mwake.

Draya peke yake ikinguruma.

Mke wangu alikitazama kile kipande. Akainusa chupa. Akanitazama mimi. Nikatazama dari, ambayo inahitaji kupakwa rangi. Kisha akasema polepole kwamba huenda nywele za mtoto hazijawa tayari, na kama hazijawa tayari, atajitoa kwenye maonyesho. Darasa analitaka, akasema, analitaka mno, lakini halitaki kwa gharama ya kichwa cha mtoto wa dada yake. Mpwa akaanza kulengwalengwa na machozi. Akamwambia Mama Mdogo asijitoe, nywele huota. Mke wangu akamkumbatia, akamwambia nywele huota, ndiyo, lakini mtu akishakuamini na kichwa chake ukakiharibu, hiyo imani haioti tena.

Nilikuwa na maneno yote kooni. Yalikuwa yamejipanga tayari kutoka. Nikayameza. Meneja hakiri ovyo.

Baadaye alichukua chupa zote mbili akaenda nazo chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo, akazirudisha rafuni. Kuzifuta vumbi, nadhani. Mtu mwenye huzuni hupenda usafi.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa nimejifunga taulo kichwani. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu na mpwa walitoka kwenda kutafuta gauni. Niliona kwamba hajaamua bado kujitoa, maana anayejitoa hanunui gauni. Nafasi bado ipo! Nikapiga moyo konde. Hatua ya kwanza, kurekebisha. Nikaenda rafuni, nikarudisha vifuniko kama vilivyokuwa zamani. Cha bluu kwake, chekundu kwake. Nikashusha pumzi. Uovu wote umefutika, na hakuna aliyejua.

Hatua ya pili ilikuja yenyewe. Mke wangu amekata tamaa kwa sababu ya kishungi kimoja. Akirudi akakuta kichwa kizima, cha ndugu wa nyumbani, kimepauka vizuri kwa maji yale yale ya bluu, roho yake itarudi. Na kichwa hicho ni kipi? Cha kwangu! Niseme tu kwamba nywele zangu zilikuwa nywele. Nyeusi, nzito, bila hata mvi, katika umri ambao wenzangu wa kiwandani wanavaa kofia. Sikusita. Kwa ajili ya darasa lake ningetoa hata masharubu.

Nilichanganya unga na maji ya bluu. Harufu ilinipanda puani machozi yakanitoka. Nikajua dawa ni nzima. Mama mkwe, chini ya draya yake, alifumbua jicho, akaniuliza kama nina uhakika na chupa niliyoshika. Nikamwambia Mama, wewe pumzika. Akasema haya, akafumba.

Nikaanza na mizizi, maana ndiyo iliyo karibu. Nikapaka yote, nikavaa mfuko wa plastiki, nikaketi chini ya draya ya pili, na kuiweka kwenye moto wa juu. Kukawa na mwasho. Nikasema ndiyo kazi hiyo inafanyika. Kukawa na joto tamu, la kuleta usingizi. Tulikaa bega kwa bega mimi na mama mkwe, draya mbili zikiimba, na nikawaza jinsi familia ilivyo kitu kizuri. Hapo nikasinzia.

Kilichoniamsha ni ukelele wa mpwa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinishika shingo, akaniinamisha kwenye sinki, akafungulia maji ya baridi. Nikaona kitu cha rangi ya chungwa kinaelea kuelekea kwenye tundu la sinki. Nikafikiri ni kitambaa. Halafu kikafuata kingine. Nikauliza hivyo ni nini. Mke wangu akaniambia nisiangalie.

Niliangalia. Nywele zangu! Zenyewe! Mafungu mafungu, yameteleza kama mboga iliyoiva mno!

Basi ukweli wote ukatoka hapo hapo sinkini, mimi nimeinama na maji masikioni. Mama mkwe hakuwa amelala Jumamosi. Aliniona nikihamisha vifuniko, akamwambia binti yake jana, mara tu baada ya lile jaribio. Na mke wangu alikuwa ameshajua tangu aliponusa chupa. Alipozipeleka chumba cha nyuma hakuwa anafuta vumbi. Alikuwa anarudisha vifuniko mahali pake! Kwa hiyo mimi leo, nilipovirekebisha, niliviharibu upya. Maji niliyojipaka ni yale makali ya vichwa vya plastiki.

Na maneno ya kujitoa je? Akasema aliyasema ili kunipa nafasi ya kukiri. Alisubiri jana kutwa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia anajua. Akaniuliza mimi kwa nini sikumwambia nilichofanya. Swali zuri.

Kisha akaniinua, akanitazama vizuri kwenye mwanga. Mdomo ukaanza kumcheza. Akageuka kwenye ukuta. Mabega yakatikisika. Nikadhani analia, nikamgusa mkono kumtuliza, naye akakaa sakafuni kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu. Mpwa akafuata. Mama mkwe alizima draya yake ili asikie vizuri.

Lakini baadaye, walipomaliza, alinikalisha kwenye kiti kile kile anachokalia mpwa. Akanipaka kitu cha ubaridi kwenye ngozi iliyowaka. Akakata nywele zilizokufa. Akalisha vilivyobaki, yaani kishungi juu ya sikio la kulia na utepe nyuma, vyote rangi ya chungwa. Alivilisha kwa uangalifu ule ule, ncha kwanza, kana kwamba vilikuwa nywele za maana. Vidole vyake vilijua kila palipouma kabla sijasema.

Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti kile. Nimekuwa nikimtazama kwa nyuma siku zote. Sasa najua kwa nini wateja wakishuka hapo wanakuwa kimya kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kikao cha tatu. Mke wangu alifungua chupa mpya, akafanya jaribio upya na maji laini. Kishungi kikavutika, kikarudi. Mpwa akapiga makofi. Nilitaka kupiga pia, nikaambiwa nikae mbali na rafu.

Alipaka fungu kwa fungu, kutoka katikati kwenda nchani, mizizi mwisho. Hakuweka joto. Alikuwa anafunua, anafuta kidogo kwa pamba, anatazama, anafunika. Mara kwa mara alisimama tu, mikono kiunoni, akisubiri. Sijui mtu anawezaje kusubiri hivyo. Mimi nilizunguka kiti kama nzi mpaka mama mkwe akanivuta suruali nikae.

Na shaba ikaanza kuondoka. Hivyo hivyo, mbele ya macho yetu. Shaba ikawa chai ya maziwa, chai ikawa asali. Aliposuuza na kukausha, nywele zikaanguka mabegani mwa mpwa nzito, zinang'aa, zinatembea na kichwa. Njano ile ya ng'ambo haitembei. Imekaa tu.

Nilimweleza mke wangu jambo la kiutawala. Kama nisingejitoa mhanga jana, yale maji makali, ambayo kwa bahati mbaya yalikuwa na kifuniko cha bluu, yangeenda moja kwa moja kwenye kichwa cha mtoto. Kwa hiyo kichwa changu ndicho kilichookoa maonyesho. Akasema jaribio lingeyagundua, kama lilivyoyagundua Jumanne. Wataalamu hawapendi kuona wengine wakiokoa jahazi.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulijaa. Nilivaa kofia. Bwana Mikasi alikuwa mlangoni na skafu mpya. Akaniuliza kwa nini nimevaa kofia ndani. Nikamwambia ni ya kiheshima.

Kichwa chake kikapanda kwanza. Watu wakaguna kwa kustaajabu, na mimi pia nikaguna, kwa woga. Njano iliwaka chini ya taa. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshika kitana kwa mikono yote miwili, na viganja vilikuwa vinatoa jasho. Sijawahi kuona viganja vile vikitoa jasho. Nikatambua anavyolitaka lile darasa, nikatamani ardhi ipasuke initie ndani kwa yale niliyokaribia kumfanyia. Hisia hiyo ilipita haraka, lakini niliipata.

Majaji hawakuishia kutazama. Wanashika! Jaji mkuu, mwanamke mwenye miwani ya kamba, akapitisha kitana kwenye zile nywele za njano. Kitana kikashuka. Na nywele zikashuka nacho. Yule msichana akajishika kichwa haraka. Bwana Mikasi akavua skafu yake, akamfunga kichwani kwa upole, akamwambia samahani mbele ya watu wote. Nimemchukia mtu huyu kwa muda mrefu, lakini hapo alinigusa.

Kisha mpwa. Jaji akauviringisha unywele mmoja kidoleni, sawasawa na mke wangu anavyofanya, akauachia, ukarudi. Akapitisha kitana, kikatoka kitupu. Akakitazama huku na huku kama hakiamini. Akamwuliza mke wangu amefanyaje.

Na mke wangu akaeleza. Mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha nadhani alisahau kuwa tupo. Akaeleza vile vile anavyolieleza dekio, mikono ikigawa hewa mafungu mafungu. Kwamba blichi inachukua, kwa hiyo lazima mtu arudishe. Kwamba nywele zipewe muda kati ya kikao na kikao, hata kama mteja ana sherehe. Wasusi wazima na vyeti vyao walikuwa wameinama mbele vitini, wengine wanarekodi kwa simu. Nililia. Sikulia kwa siri. Nililia mpaka mama mkwe akanipa ncha ya khanga yake na kunitaka nipenge taratibu.

Darasa ni lake! Alitangazwa hapo hapo!

Halafu jaji akamwuliza, kama mwalimu, atawaonyeshaje wanafunzi madhara ya haraka. Mke wangu akatafuta kwenye umati kwa macho, akaniona, akatabasamu. Akaniita jukwaani. Nikapanda. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama sitaki, basi. Nikavua kofia mwenyewe.

Sijawahi kushangiliwa namna ile. Watu walisimama. Wengine walipanda viti. Alionyesha kwa kitana kishungi cha sikioni, kisha utepe wa nyuma, akaeleza mfuko wa plastiki, draya, mizizi kutangulizwa. Akataja kila kosa, na akanishika bega muda wote. Mwisho akasema huyu ni mume wake, na kwamba hakuna mtu anayeipenda kazi yake kuliko yeye, ndiyo maana ni hatari. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Nimesimama jukwaani pamoja na mke wangu siku ya ushindi wake. Ni mameneja wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi alikwenda kufundisha darasa lake la kwanza. Alibeba vichwa viwili vya plastiki, vitana, na dekio, la bahati, anasema. Nilimsindikiza hadi kona. Alikuwa anatembea kama msichana. Aligeuka kunipungia, akarudi kunikumbusha nisiguse rafu, akaondoka tena.

Sasa vifuniko haviaminiki tena, anasema. Chupa zenyewe ameziandika ubavuni kwa kalamu nene: WATU kwenye moja, PLASTIKI kwenye nyingine. Nywele zangu, kwa hesabu zake, zitachukua miezi mingi kurudi, na hakuna njia ya mkato.

Nimefagia. Nimekunja taulo. Nimefikiri.

Kioo kinanionyesha tatizo ambalo hakuna aliyeligundua. Kishungi changu ni rangi ya chungwa, utepe wangu ni rangi ya chungwa, lakini masharubu bado ni meusi tititi. Havilingani. Wiki ijayo chuo kinapiga picha ya walimu na familia zao. Siwezi kumwaibisha mke wangu kwenye picha ya chuo. Yeye angesema vikao vitatu. Wiki kati ya kikao na kikao. Kwa masharubu!

Nimeyapitia matukio ya wiki iliyopita kwa utulivu, kama mtu anayejua kujifunza. Maji hayakuwa na kosa. Joto halikuwa na kosa. Hata mizizi, kwa kweli, haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kusinzia. Kwa hiyo leo sitakaa kwenye kiti chenye mto. Nitakalia ndoo.

Mama mkwe yuko chini ya draya, amefumba macho. Amelala fofofo, safari hii nina hakika, nimempungia mkono usoni. Nilimsikia akiguna kitu kuhusu mkwe wake na ndoo, lakini watu huongea usingizini.

Na yale maandishi ya kalamu nene kwenye chupa, nimegundua nilipokuwa napangusa rafu, yanatoka vizuri sana kwa spiriti; chupa zimerudi kuwa mapacha watupu.